Mt. Yohane Krisostomo: Mhubiri Ambaye Hakumruka Mfalme



Kila tarehe 29 Agosti Kanisa linakumbuka kukatwa kichwa kwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Nikiwa kwenye mwaka wa kichungaji, siku hiyo ilinikuta nasali na jumuiya moja ndogondogo, na mwenyekiti akaniomba nitoe tafakari ya Injili (Mk 6:17-29). Kampeni za uchaguzi zilikuwa zimeanza. Mtaa mzima ulikuwa bendera, na pale sebuleni walikaa watu wa vyama tofauti kwenye mkeka mmoja. Basi mimi nikatafakari hatari ya sherehe zenye ulevi. Nikatafakari namna ya kucheza na kuvaa. Nikagusa kidogo ubaya wa kuapa ovyo. Nikamaliza, watu wakaitikia Amina, chai ikaletwa.

Wakati wa kunisindikiza, binti mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza, kwa heshima kabisa, mbona mfalme nimemruka. Kwa kweli sikuwa na jibu. Shahada yangu ya falsafa haikunisaidia kitu usiku ule. Injili nzima ile inamhusu mtawala aliyeambiwa ukweli na hakuupenda, na mimi nimeongelea muziki na nguo. Sababu niliijua: niliogopa. Niliogopa wa chama hiki wangesema nimetumwa na chama kile.

Tangu siku ile nimekuwa nikimsoma mtakatifu mmoja ambaye kumbukumbu yake huja wiki mbili tu baada ya ile ya Mbatizaji, tarehe 13 Septemba. Naye ni Yohane. Wengi tunamfahamu kwa jina tu, Krisostomo, yaani mdomo wa dhahabu, jina alilopewa na watu baada ya kufa kwa sababu ya utamu wa mahubiri yake. Lakini utamu ule ulimpeleka uhamishoni. Nawaomba mnivumilie, nisimulie.

Mtoto wa mjane

Yohane alizaliwa Antiokia ya Siria karibu mwaka 349. Leo mji huo uko Uturuki na unaitwa Antakya. Ni mji uleule ambao Matendo ya Mitume yanasema wafuasi wa Yesu waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza (Mdo 11:26). Baba yake, Secundus, alikuwa ofisa wa jeshi, akafariki mtoto akiwa bado mchanga. Mama yake, Anthusa, akabaki mjane akiwa na umri wa miaka kama 20 tu. Hakuolewa tena. Alijinyima, akamsomesha mwanae kwa Libanius, mwalimu mpagani ambaye hakuna aliyemzidi mjini kwa ufundi wa kusema mbele za watu. Kwa kipaji alichokuwa nacho, Yohane angeweza kuwa wakili mkubwa au mtu wa serikali akala maisha.

Yeye akavutwa na Kristo. Alibatizwa akiwa kijana mkubwa, kama ilivyokuwa kawaida nyakati zile, na mara akataka kwenda kuishi na wamonaki. Katika kitabu chake juu ya upadre anasimulia jinsi mama yake alivyomshika mkono, akamwingiza chumbani, akalia, akamsihi asimfanye mjane mara ya pili. Akatii kwa muda. Baadaye akapanda milimani, akaishi miaka 4 chini ya mzee mmoja, kisha miaka 2 peke yake pangoni. Huko alikariri Maandiko Matakatifu, hali chakula cha maana, halali vizuri, baridi ikimpiga. Tumbo na figo vikaharibika. Akarudi mjini mgonjwa, na ugonjwa huo aliubeba hadi kufa.

Katika kitabu kilekile anasimulia jambo ambalo sisi wa seminari tukilisoma tunacheka na kutetemeka kwa pamoja. Ilipojulikana kwamba yeye na rafiki yake wanatakiwa wapewe daraja takatifu, rafiki alikubali akidhani wako wote, kumbe Yohane amejificha. Alijiona hafai. Aliogopa kwamba roho za watu ni mzigo mkubwa mno. Baadaye alikuja kukubali: ushemasi mwaka 381, upadre mwaka 386. Kwa hiyo huyu hakuzaliwa jasiri. Alianza kwa kukimbia.

Mimbari ya Antiokia

Kwa miaka karibu 12 alihubiri Antiokia. Alikuwa anashika kitabu cha Biblia na kukifafanua mstari kwa mstari, mwanzo hadi mwisho. Tunazo homilia zake 90 juu ya Injili ya Mathayo, 88 juu ya Yohane, na 32 juu ya Waraka kwa Warumi. Zile 55 juu ya Matendo ya Mitume alizitoa baadaye akiwa askofu. Kila mara alianza na neno la Mungu, akalichambua kwa subira, kisha akashuka nalo hadi mtaani: kwenye ndoa, biashara, riba, watumwa, michezo, malezi.

Ukizisoma unaona watu wake ni sisi hasa. Wanazungumza kanisani. Akija mtu kuwasha taa, shingo zote zinamgeukia yeye na mhubiri anaachwa. Kuna wezi wa mifukoni wanaovizia waumini wakiwa wamezama kusikiliza, hadi Yohane anawashauri waache pochi nyumbani. Na wakifurahia hoja wanapiga makofi kama uwanjani. Makofi hayo hakuyapenda. Siku moja alipotaka kuweka kanuni kwamba kanisani makofi basi, akakuta wanaipigia makofi hata kanuni yenyewe! Alichotaka ni mtu atoke kanisani amebadilika. Hebu tufikirie: leo tunakata klipu ya padre, tunaiweka status, watu wanaweka moyo mwekundu, halafu kesho yake tuko vilevile.

Jambo alilolirudia kuliko yote ni maskini. Alihubiri mfululizo juu ya tajiri na Lazaro (Lk 16:19-31), akasisitiza kwamba kosa la tajiri yule halikuwa kumpiga Lazaro au kumfukuza. Kosa lilikuwa kumpita mlangoni kila siku. Na akifafanua Mathayo alifika mahali akawageukia waliokuwa wanapamba kanisa kwa hariri na vikombe vya dhahabu, akawaonyesha Kristo yuleyule akiwa nje mlangoni, uchi na mwenye njaa (Mt 25:31-46). Hakukataa kupamba altare. Alitaka waanze na yule wa mlangoni.

Sanamu za Kaisari

Mwaka 387, akiwa hajatimiza hata miaka miwili ya upadre, siasa zikamfuata kanisani. Kaisari Theodosius alitangaza kodi mpya nzito. Watu wakapandwa na hasira, wakaingia barabarani, wakaangusha sanamu za Kaisari na za familia yake, hata ya mke wake marehemu Flaccilla, wakaziburuta mitaani. Kwa sheria ya Roma, kuangusha sanamu ya Kaisari ni kama kumpiga Kaisari mwenyewe. Hasira ilipopoa hofu ikaingia. Watu walianza kukamatwa. Wapo waliouawa kwa upanga, kwa moto, na kwa kutupiwa wanyama wakali, hata watoto. Wenye uwezo walitoroka. Mji ulisubiri jeshi lije kuuteketeza, na hofu hiyo haikuwa ya bure: miaka mitatu baadaye Kaisari huyohuyo, kwa hasira, aliachia maangamizi ya maelfu ya watu Thesalonike.

Askofu wao, Flavianus, alikuwa mzee, tena dada yake alikuwa anaumwa karibu na kufa. Akamwacha, akafunga safari ya zaidi ya kilomita 1,000 wakati wa baridi kwenda Konstantinopoli kuomba msamaha. Mji akaachiwa padre Yohane.

Alifanya nini? Kwanza alinyamaza. Kwa siku saba hakuhubiri. Alikaa na watu katika majonzi kama marafiki wa Ayubu walivyokaa naye chini kabla ya kufungua kinywa (Ayu 2:13). Tafakari yangu imenasa hapo. Upo ukimya wa kulia pamoja na watu, na upo ukimya wa kujificha. Wangu wa kule jumuiyani haukuwa wa Ayubu.

Kisha akafungua kinywa, na Kwaresima ile yote akahubiri. Homilia 21 zinazoitwa za Sanamu tunazo hadi leo. Ukizitafuta ukitegemea hotuba ya kumshambulia Kaisari, hutaiona. Ukitegemea padre anayewaambia watu kwamba serikali haikosei, hutaiona pia. Aliwaambia watu wake mambo magumu yanayowahusu wao. Walioanzisha vurugu walikuwa wachache, lakini wengi walitazama na kunyamaza, na mji mzima ukalipia ukimya huo. Aliwaambia ni aibu kwamba hofu ya Kaisari imefunga majumba ya michezo na kujaza kanisa, jambo ambalo hofu ya Mungu haikuweza kulifanya. Siku moja uvumi ulienea kwamba askari wanakuja, watu wakataharuki kanisani, ikabidi ofisa wa serikali, mpagani, aingie kuwatuliza. Yohane aliona aibu kubwa: Mkristo mwenye tumaini la ufufuko anatulizwa na mtu asiye na tumaini hilo?

Na kila siku alirudi kwenye viapo. Antiokia watu waliapa kwa kila kitu, sokoni na nyumbani. Katika mojawapo ya mahubiri hayo aliwaambia wachukue kichwa cha Yohane Mbatizaji, bado kinatiririka damu, waende nacho nyumbani katika mawazo yao, wakione kinawasihi wachukie kiapo kilichokiua. Kumbe hata mimi kugusa viapo sikukosea! Tofauti ni kwamba yeye alikitumia kichwa kile kuwaamsha wasikilizaji, mimi nilikitumia kuwakwepa.

Makamishna wa Kaisari walipofika kuhukumu, wamonaki walishuka kutoka milimani, watu wasio na mali wala cheo, wakasimama mbele ya farasi za wakubwa wale kuwatetea raia. Yohane hakusahau kuwakumbusha watu kwamba wanafalsafa wenye ndevu ndefu na majoho walikuwa wamekwishatoroka. (Nimesoma falsafa, hili nimelipokea.) Pasaka ilipofika, Flavianus akarudi na msamaha. Mzee yule alikuwa amesimama mbele ya Kaisari akamwomba, na Kaisari akalegea.

Si kila neno lilikuwa dhahabu

Hapa lazima niseme ukweli, maana mtakatifu hahitaji uongo wetu. Katika miaka hiyohiyo, 386 na 387, Yohane alitoa mahubiri makali sana dhidi ya Wakristo waliokuwa wanahudhuria sikukuu za Wayahudi, na humo akawatukana Wayahudi wenyewe kwa maneno mabaya. Karne nyingi baadaye waliowachukia Wayahudi waliyatumia maneno hayo kuhalalisha ubaya wao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha wazi kwamba Wayahudi wasionyeshwe kama watu waliolaaniwa na Mungu. Mdomo uleule uliotuliza mji mmoja uliacha moto uliowachoma wengine baadaye. Anayepanda mimbarini, na hata anayeandika mtandaoni kama mimi, afahamu kwamba maneno yake yataishi kuliko yeye.

Kutekwa kuwa askofu

Mwaka 397 askofu wa Konstantinopoli, Nectarius, alifariki. Mwenye nguvu pale ikulu alikuwa Eutropius, towashi aliyekuwa msimamizi wa kasri, mshauri wa Kaisari kijana Arcadius. Eutropius alitaka mhubiri hodari kwa ajili ya mji mkuu, na alijua watu wa Antiokia hawatamwachia Yohane. Basi akaitwa nje ya mji kwa hila, akapakiwa kwenye gari la serikali, akapelekwa Konstantinopoli. Tarehe 26 Februari 398 akawekwa wakfu. Aliyemweka wakfu ni Theophilus, askofu wa Aleksandria, ambaye alikuwa na mtu wake aliyemtaka. Kinyongo kilianza siku hiyohiyo.

Bila shaka Eutropius alidhani amejipatia askofu wake. Wanasiasa wa kila zama hudhani hivyo wakishamfanyia padre hisani. Yohane alipoingia alianza na nyumba yake. Karamu za kiaskofu zikakoma. Vitu vya thamani vikauzwa, fedha ikaenda kwenye hospitali na kwa maskini. Alikula peke yake, chakula kidogo, kwa sababu ya tumbo lake, na wakubwa waliozoea kualikwa wakanuna. Mapadre walioishi ovyo aliwarekebisha. Alikwenda hadi Efeso akawaondoa maaskofu walionunua vyeo vyao. Kwa Wagothi waliokuwa wageni mjini aliwapa kanisa na mapadre wa kuwahudumia kwa lugha yao. Na hakuwa mtu wa kubembeleza. Ulimi wake ulikuwa mkali na subira yake fupi, na hilo lilimwongezea maadui wasio wa lazima.

Mtu aliyeshika altare

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo moyo wa habari hii ulipo.

Eutropius alilewa madaraka. Aliwanyang'anya watu mali, akawapeleka wengine uhamishoni. Na kwa kuwa waliowindwa na serikali walikuwa wanakimbilia kanisani, alisukuma sheria ya kubana haki hiyo ya kukimbilia altareni. Yohane alimpinga, akamwonya kwamba mali ni mtumwa mtoro. Hakusikiliza.

Mwaka 399 upepo ukageuka. Jeshi lilimtaka, malkia Eudoxia alimtaka, na Kaisari akamwachia. Jana mtu mkubwa kuliko wote mjini, leo hana hata rafiki mmoja. Akakimbilia wapi? Kanisani! Palepale alipotaka kupaziba. Askari walikuja na silaha kumchukua, na Yohane akawazuia.

Kesho yake kanisa lilijaa hadi pomoni. Watu walikuja kumwona. Pazia likavutwa, naye yupo, ameshika nguzo ya altare, anatetemeka, rangi imemtoka. Yohane akahubiri akianzia kwa Mhubiri na ubatili wake (Mhu 1:2). Hakuficha makosa ya mtu yule. Aliyasema mbele yake, na wapo waliomlaumu kwamba amemsema mtu aliyekwisha kuanguka. Lakini sikilizeni alipoyafikisha. Aliwageukia watu walewale waliokuja kufurahia, akawauliza katika mahubiri watawezaje kukaribia meza ya Bwana na kusali Baba Yetu, wakiomba kusamehewa kama wanavyosamehe, huku wanadai damu ya huyu. Akawataka waende wote pamoja kwa Kaisari kumwombea. Watu waliokuja na hasira wakalia.

Eutropius baadaye alitoka kanisani, akakamatwa, akapelekwa Kupro, kisha akarudishwa na kuuawa. Yohane hakuweza kumwokoa hadi mwisho. Lakini mimi nimejifunza hapo kumpima mhubiri wa mambo ya siasa. Kumsema mkubwa akiwa juu, wachache wanaweza. Kumkinga akianguka, tena huyohuyo uliyemsema, hilo ni la Injili tu. Ndiyo kazi ya Nathani kwa Daudi (2 Sam 12): alimshtaki mfalme usoni kwa dhambi ya Uria, na mfalme alipokiri, nabii yuleyule ndiye aliyemtangazia kwamba Bwana amemwondolea dhambi.

Malkia na nguzo ya fedha

Eudoxia mwanzoni alikuwa rafiki wa askofu. Walishirikiana katika maandamano ya masalia ya watakatifu. Lakini Yohane hakuacha kusema juu ya anasa za wenye mali na uporaji wa haki za wanyonge, na wapambe wa kasri wakahakikisha kila neno linamfikia malkia likiwa limeongezwa chumvi. Theophilus akapata nafasi yake. Mwaka 403 alikusanya maaskofu 36 karibu na Kalsedonia, mahali palipoitwa Mwaloni, wakamvua Yohane uaskofu. Miongoni mwa mashtaka lilikuwemo la kwamba amemwita malkia Yezabeli, yule aliyemwua Nabothi kwa ajili ya shamba (1 Fal 21). Hilo lilikuwa kosa la kuuawa.

Watu walilizunguka kanisa usiku na mchana wasimwachie. Siku ya tatu Yohane akatoka kimyakimya akajisalimisha, damu isimwagike. Siku chache baadaye likatokea jambo lililomtia malkia hofu, akaomba mwenyewe arudishwe. Alirudi kwa shangwe.

Amani haikudumu. Mwaka huohuo ilisimamishwa sanamu ya fedha ya malkia juu ya nguzo, karibu na kanisa kuu, kwa ngoma na michezo iliyovuruga ibada. Yohane akalalamika waziwazi. Ipo hotuba maarufu inayosemekana ni yake ya siku zile, ikimfananisha malkia na Herodia. Wataalamu wengi wanasema si yake, na mimi siitegemei. Malalamiko yenyewe yalitosha. Msingi wa nguzo ile ungalipo Istanbul, kwenye eneo la Hagia Sophia. Sanamu ya fedha haipo.

Mkesha wa Pasaka wa mwaka 404 askari waliingia mahali wakatekumeni walipokuwa wanabatizwa. Wanawake walikimbia nusu uchi, na maji ya ubatizo yakachanganyika na damu. Tarehe 20 Juni amri ya mwisho ikaja. Yohane aliagiza mnyama wake wa kupanda asimamishwe mlango wa magharibi, watu wakajazana huko kumsubiri. Yeye akaagana na Olympias na mashemasi wa kike wenzake, akatokea mlango wa mashariki, akajikabidhi. Kwa mara ya pili alikataa watu wafe kwa ajili yake. Usiku ule kanisa kuu liliungua.

Barabara ya mwisho

Walimpeleka Cucusus, kijiji cha milimani katika Armenia ya wakati ule, baridi kali na majambazi. Huko, mgonjwa, aliandika barua zaidi ya 200 zinazofahamika. Kwa Olympias peke yake zipo 17, akimtia moyo asizame katika huzuni. Alichangisha kwa ajili ya wamisionari wa Foinike na wa Wagothi. Papa Inosenti I wa Roma alimtetea, bila mafanikio. Watu wakaanza kusafiri kwenda kumwona uhamishoni, na hilo likawakera wakubwa. Mwaka 407 ikaamriwa ahamishiwe Pityus, mwisho kabisa wa dola, pwani ya Bahari Nyeusi. Eudoxia alikuwa amekwisha kufa tangu Oktoba 404. Chuki ilikuwa imejifunza kutembea yenyewe.

Alitembezwa miezi mitatu, jua na mvua, kichwa wazi. Walipofika Comana, kwenye kikanisa cha mfiadini Basiliscus, aliomba wapumzike kidogo. Wakakataa. Baada ya mwendo mfupi alizidiwa, ikabidi wamrudishe palepale. Akaomba nguo nyeupe, zile alizokuwa nazo akawagawia waliokuwepo, akapokea Ekaristi, akamtukuza Mungu kwa yote, akafa. Ilikuwa tarehe 14 Septemba 407, na kwa kuwa siku hiyo ni ya Kutukuka kwa Msalaba, sisi wa Roma tunamkumbuka tarehe 13.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, tarehe 27 Januari 438, mwili wake uliingizwa Konstantinopoli. Kaisari wakati huo alikuwa Theodosius II, mtoto wa Eudoxia. Akainamisha uso juu ya jeneza, akawaombea msamaha wazazi wake. Mtoto wa malkia! Kanisa lilimtangaza Yohane Mwalimu wa Kanisa mwaka 1568, na Papa Pius X akamfanya msimamizi wa wahubiri mwaka 1908. Na mwaka 2004 Papa Yohane Paulo II alirudisha masalia yake kwa Patriarki wa Konstantinopoli, ishara ya udugu na Waorthodoksi.

Sisi na kampeni zetu

Vijana wenzangu, mara nyingi tunalalamika kwamba mapadre hawaongei. Wakati mwingine tuna haki. Lakini tuulizane kwa upole: tunataka padre aseme ukweli, au tunataka aseme upande ule mwingine? Krisostomo angetuudhi wote. Tungempigia makofi akimgusa Kaisari, tungemzira akigusa riba yetu, ulevi wetu, maneno yetu ya chuki kwenye magrupu ya wasapu.

Na mgombea anapokuja kanisani, akapewa kiti cha mbele, akatoa bahasha nene, tumkaribishe kama tunavyomkaribisha kila mbatizwa. Ila tukumbuke Eutropius. Alimleta Yohane Konstantinopoli, na hata hivyo hakumnunua. Ndiyo maana siku alipohitaji altare, aliikuta bado ni altare. Kanisa likishakuwa mali ya mkubwa mmoja, halitakuwa na pa kumficha siku akianguka. Anayemwambia mkubwa ukweli leo anamtunzia mahali pa kukimbilia kesho.

Mimi bado ni frateri. Mungu akipenda, siku moja nitapewa ushemasi na kukabidhiwa kitabu cha Injili, na hapo kuruka mistari hakutakuwa tena kosa la aibu ya jioni moja. Naogopa, siwafichi. Nafarijika kwamba hata Krisostomo alianza kwa kujificha.

Yule binti wa kidato cha tatu simjui alipo sasa. Nikipata nafasi nyingine tarehe 29 Agosti, nitaisoma Injili ile polepole, na nitasema wazi kwamba mfalme alimpenda nabii, alimsikiliza kwa furaha, na bado akamwua, kwa sababu aliogopa waliokuwa wamekaa mezani pake. Kisha nitasema kwamba hofu hiyo naifahamu, maana nilikuwa nayo siku moja, nimekaa mkekani, nikisubiri chai.

Mtakatifu Yohane Krisostomo, msimamizi wa wahubiri, utuombee.